Mbuzi Mbili

2 Septemba

Baba, shikamoo.

Habari za nyumbani, na goti bado linakusumbua? Mimi mzima, ila nimechoka hoi. Simu yako haipatikani wiki nzima. Najua umeifungia kabatini isiharibike, ndiyo maana naandika.

Tarehe kumi na tisa shule ina tamasha. Kila darasa litakuwa na kibanda: bisi, juisi, kurusha pete, kuvua samaki wa karatasi. Darasa langu, Nne B, halijawahi kupewa kibanda. Mwalimu Mkuu anasema hao ni wa kuharibu tu. Nimembembeleza mpaka nikaona haya, akakubali kwa sharti: nikifanya kituko chochote, watoto wakae ukutani wawatazame wenzao. Nimeshawaahidi, Baba. Wanarukaruka mpaka madawati yanalegea.

Tutashindanisha akina baba kukuna nazi, halafu tuuze kashata za nazi. Nazi ninazo. Nitumie mbuzi mbili kwa dereva wa lori la viazi, tafadhali, upesi.

Binti yako

11 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Goti limetulia, maumivu yamehamia mgongoni. Mbuzi hao, nimemkabidhi dereva. Jike ni mpole. Dume lina kiburi, usiligeuzie mgongo.

Lakini umeniudhi. "Mbuzi mbili"! Mwalimu mzima! Mbuzi ni wawili, mwanangu. Huko mjini siku hizi mnahesabu wanyama kama vijiko? Nilimwonyesha jirani barua yako, nikatamani kuichana. Wanahusiana vipi na nazi sijaelewa, ila nyie wasomi mna mambo yenu.

Baba yako

14 Septemba

Baba,

Shikamoo, na leo sina salamu nyingine.

Mbuzi ya kukunia nazi! Ile ya kukalia, yenye meno ya chuma! Niliandika "mbili" kwa sababu ni mbili! Kiswahili changu hakina kasoro, Baba. Mstari wa juu yake hukuusoma?

Wameshushwa getini wakati wa paredi. Dume limeingia ofisini kwa Mwalimu Mkuu, likala maua ya mezani na nusu ya pazia. Amesema kituko ndicho hicho, kibanda hakuna. Nikaenda kuwaambia watoto. Hawakulia, na hilo ndilo lililoniuma. Mmoja alisema tu, "Tulijua, Mwalimu." Nikajifungia chooni nikalia mimi.

Tafadhali usinijibu kwa masahihisho.

Binti yako

16 Septemba

Mwanangu,

Hujambo? Mgongo hauniachi. Barua yako nimeisoma nimesimama, kukaa nimeshindwa. Ungeandika "za kukunia" tungepona wote. Haya, nimenyamaza.

Mbuzi zenyewe ningezituma leo, ila lori limeharibika. Barua hii anakuletea jirani kwa pikipiki. Wale ulio nao watumie. Watu wakisie uzito wa dume. Au atakayeweza kulivisha kofia apewe nazi. Watu wanapenda sana kuona mwenzao akiaibishwa na mnyama. Na mwambie huyo Mkuu wako pazia nitamshonea. Mimi ni fundi cherehani, si mkorofi.

Baba yako

20 Septemba

Baba, shikamoo.

Mgongo vipi? Habari ya pazia nilimpelekea Mkuu. Akasema hata nikimletea mapazia ya ikulu, jibu ni lile lile. Basi jana watoto wakakaa ukutani, na mimi kando yao, nimefura kwa hasira. Kwa uchungu nikawasomea barua yako ili wacheke kidogo.

Sikugeuka vizuri, wakatoweka. Wameazima kofia ya mlinzi bila yeye kujua, wamelifungua dume nyuma ya darasa, wamelitoa nje ya geti, wanapiga kelele: "Mvishe kofia, shinda nazi!" Baba wa kwanza akatupwa mtaroni. Wa pili akaacha kiatu akakimbia. Muda si muda ndani wamebaki walimu na bisi zao. Nilicheka, Baba, na hasira yangu ikiwa palepale.

Mwalimu Mkuu akatoka. Kuona umati, akawatabasamia wageni. "Nne B, leteni mchezo wenu ndani, kuna nafasi nzuri pale katikati." Mtoto mfupi kuliko wote akamjibu, "Hapana, Mwalimu. Sisi tuna kibanda hapa."

Mkuu akanigeukia mimi, akaniamuru niwaingize. Sikuwaingiza.

Jumatatu naitwa ofisini. Itakuwaje sijui, na kutojua kumenichosha kuliko kazi yenyewe. Wakinibakiza, njoo uwaone watoto wangu. Wakinifukuza, fungua banda: tunarudi watatu.

Binti yako