Chungu cha Chatne Ulichokifunga kwa Nta

Kwako Mama, mzazi wa mume wangu,

Shikamoo, popote miguu yako iliposimama. Mara tatu asubuhi hii nimeketi kukuandikia, na mara tatu nimeinuka. Nakwenda mlangoni, nachungulia njia ya kusini, naona migomba na mbuzi, narudi. Kahawa yangu imepoa na sijaionja.

Kesho wapagazi wanakuja. Salimu ameamua tuhamie Bukoba. Anasema biashara imekimbilia ziwani kwenye meli ya moshi, na atakayebaki huku ataishia kujiuzia mwenyewe. Unamjua mwanao akishaamua jambo, kisiki cha mpingo. Tena ana haki. Katika nyumba zote za wafanyabiashara hapa juu ya Nyakasimbi, zinazofuka moshi zimebaki mbili, yetu na ya jirani yetu Mzee Feruzi, ambaye anasema magoti yake yamekataa safari.

Mimi naogopa jambo moja. Ulituaga ukasema unakwenda Pangani kumwona dada yako mgonjwa, na kwamba utarudi kwa njia hiyo hiyo. Salamu zako za mwisho zilitufikia kutoka Tabora. Tangu hapo masika mawili yamepita. Je, ukitokea leo kwenye kile kilima, miguu imevimba, ukakuta mlango wetu umefungwa kwa kamba?

Na chungu chako je? Kiko hapa mbele yangu, kimenikodolea macho. Ulikifunika kwa kipande cha kaniki, ukakizungushia uzi wa mgomba, ukamwagia nta. "Usikifungue mpaka nirudi," ukaniambia, na kidole kimenielekea puani. Nimekipangusa vumbi kila Ijumaa. Salimu hucheka, anasema nimekifanya mke mwenza.

Unakumbuka siku ya kwanza uliponionjesha chatne? Nilikuwa na siku nne tu tangu nitoke kwa baba yangu Nyabiyonza. Nilijua ndizi na maharage, nilijua samli, basi. Ukaniwekea kijiko mdomoni: utamu, uchachu, pilipili, karafuu, vyote kwa pamoja. Nikameza, macho yakatoka machozi, nikauliza kwa adabu kabisa, "Mama, nani mgonjwa humu ndani?" Nilidhani ni dawa. Ukageuka, ukamwambia Salimu, "Mkaza mwanangu huyu ana kazi." Hukuniita kwa jina langu siku hiyo, wala mwaka ule. Mkaza mwanangu lete kuni. Mkaza mwanangu chekecha bizari. Mke wa mwanao, ndivyo nilivyokuwa, na wewe hukuniacha nisahau.

Uliililia embe. Kwenu chatne ilikuwa ya embe mbichi, na huku embe hakuna. Ulijaribu papai, ukalimwaga. Mimi ndiye niliyekuletea ntuntunu, yale matunda madogo ya manjano yaliyojifunika maganda makavu, watoto huyaokota kwenye mashamba yaliyolala. Ukasema hicho ni chakula cha ndege. Kesho yake nikakukuta umeketi peke yako nyuma ya jiko, unazimenya na kuzila moja baada ya moja. Tangu siku hiyo chatne yako ikawa ya ntuntunu na tende, asali badala ya sukari, tangawizi iliyopondwa, mdalasini, na pilipili ya kutosha kumwamsha aliyezimia. Na ndimu. Daima ndimu, za ule mti alioupanda marehemu baba mkwe kwa mbegu kutoka pwani.

Hapo kwenye ndimu ndipo tulipogombana, Mama, na sitaandika kana kwamba hatukugombana.

Mimi nilitaka kukusaidia. Mti ulikuwa mmoja na chatne ilitafutwa na kila msafara uliopita. Kwetu tunaivisha ndizi darini juu ya moto, tunazikamua kwa nyasi, na maji yake yakiachwa siku nyingi hupita hatua ya pombe, ulevi wake ukafa, yakawa siki kali safi. Nikakuletea kibuyu kimoja. Ulinusa tu. "Pombe haingii kwenye chungu changu."

"Mama, si pombe tena. Ikishakuwa siki hailevyi. Hata Mwalimu wa chuo cha Kurani alisema ni halali."

"Basi Mwalimu na aitie kwenye chungu chake. Hii inanuka moshi, inanuka jiko la kwenu."

Jiko la kwetu. Nililia siku ile nyuma ya nyumba, na nilipomaliza kulia nikakitundika kibuyu changu ukutani jikoni, mahali ambapo ungekiona kila ukiinama kupuliza moto. Ndiyo, nilifanya makusudi. Kilikaa pale miaka mitano, kila kikipungua nakijaza. Nilitia siki kwenye mboga zangu, wewe ukatia ndimu kwenye zako, Salimu akala kote kote, mwoga yule.

Kisha ikaja mvua ya mawe, ile iliyopukutisha ndimu zote na maua yake, wiki chache kabla ya safari yako. Na hata hivyo ulitaka kuacha chungu kimoja nyumbani. Ukanifukuza jikoni. "Leo napika peke yangu." Nilikaa uani nikisikia mwiko ukigonga, nikajiambia, hata siku za mwisho hataki mkono wangu. Nilipoingia jioni, chungu kilikuwa kimeshafungwa, nta bado laini, na kibuyu changu kiko chini, kitupu, kimepasuka shingo.

"Beberu ameingia," ukasema, huku umenipa mgongo unapanga vikombe. "Amekipiga pembe."

Nikachukua mwiko nikamkimbiza beberu mpaka kwenye migomba. Nilimpiga, Mama. Tangu siku hiyo mbuzi yule akiniona hugeuza njia.

Sasa nisikilize. Leo asubuhi nilipokiinua chungu nikifunge kwenye matandiko, nikaona sisimizi wamepanga mstari. Nta ilikuwa imepata ufa. Nilisimama nacho mikononi, nikakiweka, nikakizunguka. Ulisema nisifungue. Lakini chungu chenye nta iliyopasuka hakifiki Bukoba juu ya kichwa cha mtu, na nikikiacha ni cha sisimizi. Nikasema bismillahi, nikapitisha kisu.

Moshi. Kabla ya karafuu, kabla ya tangawizi, moshi wa dari ya jikoni kwa mama yangu Nyabiyonza. Nikatia kidole nikaonja. Nikatia tena. Mawe, mama yangu! Ilikuwa siki yangu, hakuna nyingine duniani yenye ladha ile, na ndiyo chatne bora uliyowahi kupika kwa mikono yako.

Nimecheka, nimelia, nimetoka nje, nimerudi. Miaka mitano kibuyu kiko mbele ya macho yako, na siku ulipokihitaji ukanifukuza jikoni ili nisikuone ukikishusha! Ukakipasua mwenyewe, ukamsingizia mnyama asiyejua kujitetea. Ungeniambia tu, Mama. Neno moja lingetosha, nami ningekaa kukungoja kwa moyo mweupe. Nitakwambia kweli sasa, maana herufi hizi ulinifundisha wewe kwa mkaa na ubao: Salimu aliposema tunahama, sehemu yangu moja ilifurahi. Nilidhani nangoja kwa heshima tu mtu asiyenitaka. Leo najua nilichokuwa nakingojea, na ndiyo siku ya kuondoka. Miguu yangu haitulii. Nikisikia kuni zikivunjika kwa Mzee Feruzi nadhani ni hatua zako.

Nimefanya hivi. Chatne nimeigawa. Nusu inakwenda nami ndani ya kibuyu kipya, na Bukoba nitawauliza watu wote wanaotoka Tabora, mpaka wanichoke. Nusu iko kwenye chungu chako, nimekifunga tena kwa nta, namwachia Mzee Feruzi pamoja na barua hii. Ameapa hataonja. Usimwamini sana. Ukifika, kula kwanza, pumzika, kisha tufuate. Nitatundika kibuyu kingine jikoni Bukoba, mahali pa kuonekana. Usinifukuze siku hiyo.

Mchana huu nimempelekea beberu mkungu mzima wa ndizi mbivu. Alinitazama kwa mbali, hakuamini. Nikauweka chini, nikarudi nyuma hatua kumi, nikamwomba msamaha kwa niaba yetu sote wawili.

Ni mimi, mkaza mwanao,
na tangu asubuhi hii, mwanao.