Bendera ya Lyle

Ikulu ya Jimbo
12 Oktoba 1967

Dada Alma mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku mji mkuu. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto limeanza kunisumbua na hii baridi, kama lilivyomsumbua baba. Wewe hujambo? Ng'ombe je? Mwanao Lyle amekuandikia kutoka vitani?

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu laini yenu ni moja kwa nyumba sita, na Bi. Tollefson hajawahi kuacha maneno ya watu yapite bila kuyasikiliza. Sitaki jimbo zima lijue kwamba gavana wao anakula peke yake kwenye meza ya watu ishirini na wanne. Siku za Jumatano wageni huja kutembezwa vyumba vya chini, nami hujifungia juu nisije nikaonekana na soksi tupu.

Jana nilitia saini amri mpya. Askari yeyote wa jimbo letu akifa vitani, siku ya kuzikwa kwake bendera zote za jimbo zitashushwa nusu mlingoti, toka jua lichomoze mpaka litue. Kila jina nitalitilia saini kwa mkono wangu. Humu ndani sioni kazi nyingine yenye maana kama hiyo.

Mdogo wako,
Everett


Harlow Creek
3 Novemba 1967

Mheshimiwa mdogo wangu,

Sijambo, nashukuru. Ng'ombe wanakusalimu, wao hawakukupigia kura, kwa hiyo hawana neno nawe.

Nenda kale jikoni, mjinga wewe! Mpishi atakusogezea kiti. Tangu una miaka minne, mama alipotutoka nikabaki nawe, hujawahi kumaliza chakula ukiwa peke yako.

Amri yako Bwana Haugen ameibandika ukutani pale posta. Watu wanaisoma wakivua kofia. Nimejivunia, sitakuficha. Na jingine: Lyle anarudi tarehe ishirini! Mikono miwili, miguu miwili. Nimeshaanza kuoka.

Dada yako,
Alma


Harlow Creek
9 Januari 1968

Everett,

Natumaini goti limepoa. Mimi mzima wa mwili.

Lyle halali. Usiku kucha anakaa ndani ya trekta bandani, injini imezimwa. Nikimpelekea kahawa anasema, "Asante, mama," na kikombe nakikuta asubuhi kimeganda barafu. Juzi nilimwambia, "Mwanangu, sema na mimi." Akanijibu, "Mama, wewe si mtu wa kuambiwa hayo." Mchungaji Nygaard alikuja, wakazungumza habari za theluji.

Wewe ulipigana vita vya wakati wako. Na mjomba ni mjomba. Njoo ukae naye siku mbili tu.

Dada yako,
Alma


Ikulu ya Jimbo
30 Januari 1968

Dada mpendwa,

Habari za huko? Mimi sijambo, ila nimechoka.

Nimesikitika kusikia ya Lyle. Hata mimi niliporudi sikulala majira yote ya baridi, kisha yakapita. Mvumilie. Sasa hivi kuna kikao cha bajeti na wabunge wananivuta huku na huku. Siwezi kutoka kabla ya katikati ya Machi. Mwambie mjomba wake anamkumbuka kila siku. Katibu wangu ameambatisha picha yangu yenye saini, huenda akaipenda.

Mdogo wako,
Everett


Harlow Creek
21 Februari 1968

Everett,

Lyle amefariki Jumatatu. Amejitoa uhai mwenyewe, bandani. Mimi ndiye niliyemkuta.

Ibada ni Jumamosi. Kuzika haiwezekani, ardhi imeganda kama jiwe. Watamweka kwenye chumba cha kanisa pamoja na maiti za mzee Quist na mtoto wa akina Rask mpaka udongo uyeyuke. Mchungaji anasema mwisho wa Aprili, au Mei.

Siku hiyo nataka bendera ishuke kwa ajili yake, kama kwa wenzake. Una miezi miwili ya kufikiri. Sitakuomba mara ya pili.

Alma


Ikulu ya Jimbo
4 Machi 1968

Dada yangu,

Pole sana, pole tena na tena. Unisamehe kwamba tufani ya theluji ilifunga barabara siku ya ibada. Dereva alijaribu mara mbili.

Kuhusu bendera. Amri inasema "aliyekufa vitani", na Lyle alikuwa ameshaachishwa jeshi. Washauri wangu wanasema nikiilegeza kwa mpwa wangu, wazazi wa wale wengine watauliza kwa nini wa gavana ahesabiwe. Uchaguzi ni Novemba na magazeti yananisubiri niteleze. Niombe kitu kingine chochote. Jiwe la kaburi niachie mimi, lolote utakalolichagua.

Mdogo wako akupendaye,
Everett


Harlow Creek
15 Machi 1968

Everett,

Amri hiyo hukuikuta mezani. Uliiandika wewe.

Unaniambia hakufa vitani. Alifia huko huko, Everett. Mwili ndio uliorudi, ukishuka kwenye basi wenyewe, ukanisalimia. Nami mama yake nikauokea keki.

Jiwe nimeshalipata.

Alma


Ikulu ya Jimbo
20 Aprili 1968

Dada mpendwa,

Natumaini u mzima. Nimeandika mara tatu na hujanijibu. Huku theluji imeyeyuka. Nakuomba jambo moja tu: niambie siku ya maziko.

Mdogo wako,
Everett


Harlow Creek
6 Mei 1968

Everett,

Tumemzika Lyle Alhamisi.

Asubuhi Bwana Haugen aliishusha bendera ya posta nusu mlingoti, bila kuulizwa. Walimu wakaona, wakashusha ya shule. Kisha ya ghala la nafaka. Nilikuwa nikipita na gari la jeneza, nikaziona zote tatu, nikasema moyoni, basi, mdogo wangu ametuma amri.

Tulipotoka makaburini tulimkuta polisi wa jimbo pale posta, kijana tu, masikio mekundu. Ameagizwa kwa redio kutoka ofisi ya Gavana: bendera zilizoshushwa bila amri zipandishwe mara moja. Arvid Haugen akamwambia, "Utapita juu ya maiti yangu." Nikasema, "Mwache, Arvid. Ana mkubwa wake." Kijana akavua kofia, akaniomba radhi, akaivuta kamba. Watu wote wa Harlow Creek wakasimama wakimtazama.

Sijui kama ulijua. Usiniambie.

Alma


Ikulu ya Jimbo
9 Mei 1968

Dada,

Lazima nikuambie. Sikujua. Mtu alipiga simu kuulizia bendera hizo, karani akatazama orodha, jina hakuliona, akafanya nilivyowafundisha. Sikumfukuza, amefuata neno langu.

Amri ya Lyle ilikuwa kwenye mtoto wa meza yangu. Niliitia saini siku ile ile niliyokuandikia mara ya mwisho, nikaacha nafasi ya tarehe. Nilikuwa nikijiambia nakusubiri wewe. Lakini ningeweza kumwuliza mchungaji. Simu moja, dakika mbili. Sikumwuliza kwa sababu sehemu moja ya moyo wangu iliomba siku ipite bila mimi kuijua, nami nibaki na karatasi ya kukuonyesha kwamba nilikusudia.

Ni aibu, na ni yangu. Nipige kwa maneno yoyote, ila usininyamazie.

Everett


Ikulu ya Jimbo
6 Novemba 1968

Dada mpendwa,

Salamu baada ya miezi sita ya kimya. Nimeandika, nimerudi kuandika. Naomba tu uwe mzima.

Nimeshinda. Jana usiku watu walijaa humu wakiimba; leo wamekwenda zao, na nyumba imerudi kuwa kubwa. Niliomba karatasi za matokeo ya Harlow Creek. Waliopiga kura ni sitini na watatu. Mpinzani wangu amepata sitini na mbili. Mimi nimepata moja.

Nimekaa nikiitazama karatasi hiyo tangu alfajiri. Naomba nije Krismasi. Bila dereva, bila polisi, peke yangu.

Mdogo wako,
Everett


Harlow Creek
14 Novemba 1968

Everett,

Mimi ni mzima. Ng'ombe nimeuza, isipokuwa wawili.

Hongera. Kura ile ni yangu. Nilisimama nyuma ya pazia muda mrefu mpaka Bi. Tollefson akauliza kama nimezimia. Nilikwenda nikiwa nimeazimia kukunyima, lakini mkono niliokulea nao ulikataa kuandika alama kwa mtu mwingine, nikauacha ufanye ulivyozoea.

Krismasi usije. Kukupigia kura nimeweza. Kukufungulia mlango bado siwezi.

Dada yako,
Alma