Paa la Bura, Mbulumbulu

Mama Neema mpenzi,

Huku ni baridi na ukungu mtupu. Rafiki yetu Bura tumemzika leo. Kabla ya ibada mvua ilinyesha, na turubai la kuanikia ngano walilowafungia wafiwa likajaa maji, likaning'inia juu ya kichwa cha mama yake. Nikainua pembe mbili zinazotazamana, zile nyingine nikazivuta chini mpaka likakaza na maji yote yakamwagika. Ndivyo Bura alivyotuonyesha kwa kanga yako aliyoibana kwa pini, akieleza lile paa la kitambaa la uwanja wa mpira alilotamani kulijenga.

Mama yake Bura akauliza, "Nani kakufundisha?"

Nikamwonyesha jeneza.

Akatazama juu. "Aliniahidi kunijengea. Basi kajenga."

Nibusie Neema. Matundu ya pini kwenye ile kanga, tafadhali usiyashone.

Baba Neema