Nimelipaka Gari Rangi ya Majivu, Faini Bado Zinakuja

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako upesi maana zimebaki siku tano tu, na tangu Jumanne ya wiki iliyopita chakula hakinishuki, nikifumba macho naiona ile picha, nikifumbua naiona palepale mezani mke wangu alipoiweka.

Mimi ni fundi wa kupaka magari rangi, huu ni mwaka wa kumi na tisa, hapa mtaani wananiita Daktari wa Rangi, na miaka yote hiyo nimekuwa nikiwaambia wateja jambo moja, kwamba gari jekundu linamwita askari, yaani unaweza kwenda mwendo wa kinyonga na bado wewe ndiye utakayesimamishwa, huku mwenye gari la rangi iliyopoa anakupita mbio na hakuna anayemwona, na hilo nililiamini kama ninavyoamini kwamba kesho jua litachomoza.

Sasa gari letu lilikuwa jekundu. Limeandikishwa kwa jina la mke wangu kwa sababu yeye ni muuguzi, anazunguka kuwahudumia wagonjwa majumbani mwao, gari ndiyo miguu yake, ila asubuhi nalitumia mimi kumpeleka shule binti yetu, yuko darasa la kwanza, tunamwita Kidoti, kisha saa tatu nampelekea mama yake gari zahanati naye anaanza mizunguko yake. Mwaka huu zikaanza kuja barua za faini za mwendo kasi, ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila moja ina jina la mke wangu na picha ya gari letu kwa nyuma, nyeusi na nyeupe, iliyopigwa na kamera ya barabarani. Nilimcheka, mshauri, kisha nikamsema, tena nilimsema mbele ya mama mkwe aliyekuja kututembelea, nikasema, "Mama, binti yako ana mguu wa chuma, ataniulia mtoto," mke wangu akajibu tu, "Baba Kidoti, mimi mwendo huo siujui," nikamwambia kamera haina undugu na mtu.

Baadaye huruma ikanishika, nikasema kosa si lake peke yake, kosa ni la rangi, nikalifungia gari karakana siku mbili, nikalipiga msasa, nikalipaka rangi ya majivu iliyopoa mpaka mtu analipita bila kugeuka, na kwa furaha yangu nikaandika kwenye mlango wa karakana kwa herufi kubwa, BADILI RANGI, SAHAU FAINI. Wateja watatu wameshakuja kwa ajili ya maandishi hayo, mmoja wao mwalimu mkuu wa shule.

Ndipo Jumanne hiyo ikaja barua ya nne. Mke wangu aliifungua tukiwa mezani, akaitazama, akaisukuma mpaka ikagusa sahani yangu. Kumbe wameweka kamera nyingine inayopiga kwa mbele. Mshauri, aliyeshika usukani ni mimi! Ni mimi na kofia yangu ya kazi, mdomo wazi naimba, kilomita tisini na moja mahali pa hamsini, hatua chache kutoka geti la shule, na katikati ya viti viwili amesimama Kidoti, hana mkanda, amekamata kiti changu kwa mikono miwili.

Mke wangu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hebu niambie, fundi. Hii nayo ni rangi?" Kisha akaleta zile barua tatu za mwanzo akanionyesha saa. Zote ni saa moja kasoro dakika chache asubuhi, wakati yeye yuko zahanati anafunga watu vidonda. Na Kidoti, ambaye hajui kinachoendelea, akaichungulia picha akapiga makofi, "Hii ni siku tulipoishinda kengele! Baba akisema shika, mimi nashika!" Ni kweli, ni mchezo wetu, tukichelewa tunashindana na kengele ya shule. Mama yake aliinuka akaenda kukaa chumbani peke yake, na tangu siku hiyo anampeleka mtoto kwa miguu, dakika arobaini, ndipo akimbilie kazini.

Barua inasema mwenye gari asipomtaja dereva ndani ya siku kumi na nne, leseni yake inafungiwa miezi sita. Fomu iko mezani, imeandikwa ijazwe kwa wino wa bluu au mweusi, bado jina langu na sahihi yangu tu, na mke wangu ameapa hatanijazia, eti nijitaje mwenyewe. Lakini nikisaini nafungiwa mimi, na mtaa mzima utanicheka, Daktari wa Rangi! Nimefikiria nimwombe aipokee yeye adhabu, ni miezi sita tu, nitakuwa namwendesha mimi kwa wagonjwa wake. Nisaidie namna ya kumwambia. Na nikilipaka gari upya, wewe ungenishauri rangi gani?

Ni mimi, Fundi Niliyeduwaa.

JIBU

Fundi, barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama, maana kiti kilinishinda. Kuna barua zilizofika kabla ya yako, wenyewe wanisamehe. Za kwao zinaweza kusubiri, wewe una siku tano.

Umwendeshe wewe? Wewe?! Yaani mama wa watu anyang'anywe leseni kwa mguu wako, halafu apande nyuma ya mguu huohuo kwenda kuwatibu wagonjwa? Nimeishi miaka mingi na nimesoma mengi katika ukurasa huu, lakini hili limeniacha mdomo wazi kuliko wewe kwenye picha.

Tuanze na rangi, kwa kuwa ndiyo inayokusumbua. Mimi naendesha gari jekundu mwaka wa kumi na mbili sasa. Nimepigwa faini mara moja, na nilistahili. Huenda gari la kung'aa likavuta jicho la askari aliyesimama pembeni, sibishani na fundi katika hilo. Lakini wewe umekamatwa na mashine inayopima mwendo, na picha ilizokuletea umesema mwenyewe ni nyeusi na nyeupe. Miaka kumi na tisa katika rangi, ukazishika picha tatu zisizo na rangi hata chembe, na bado ukaenda kununua rangi! Saa imeandikwa hapohapo chini ya picha, hukuisoma, kwa sababu mkosaji ulikuwa umeshampata. Nyani haoni kundule, ndugu yangu, na wewe ulimcheka mwenzako mbele ya mama yake mzazi.

Aibu yako naielewa. Inauma mtu kugundua ameamini jambo la uongo miaka yote hiyo, tena akiwa amelitundika mlangoni. Tena najua unampenda binti yako, baba asiyempenda mtoto hamwimbii asubuhi. Ndiyo maana naomba uitazame ile picha tena, usiangalie uso wako, angalia mikono yake. Umemfundisha mtoto wa darasa la kwanza kwamba kukamata kiti ndiyo mkanda, na kwamba baba akikimbia ni ushindi. Ungefunga breki za ghafla asubuhi ile, leo ungekuwa unaniandikia barua nyingine, nami nisingekuwa na jibu.

Sasa sikiliza. Leo, kabla hujala, jaza fomu, saini, kaipeleke mwenyewe kwa mkono wako. Mlete mama mkwe, au mfuate, na maneno uliyomwambia uyameze mbele yake, mkeo akiwepo akisikia. Maandishi ya mlangoni yafute, una msasa wa kutosha, na wale wateja watatu uwaambie ukweli, ukianzia kwa mwalimu mkuu, maana gari lake nalo linapita pale watoto wanapovuka. Watacheka. Waache wacheke wachoke. Miezi utakayofungiwa, wateja wako wayalete na kuyachukua magari yao wenyewe, na wewe mpeleke Kidoti shule kwa miguu, dakika arobaini kila asubuhi, mama yake awahi kazini. Kengele itawashinda siku nyingine. Siku hiyo mwambie mwanao kwamba kushindwa na kengele hakuui mtu.

Na umeniuliza nikuchagulie rangi. Bluu au nyeusi, fundi, kama fomu inavyosema.