Viuno vya Mashini ya Odette

Jumamosi. Mvua inanyesha tangu jioni, na minye naandika karibu na taa.

Daftari yangu, weye unamujua Odette. Nitasema tena: mutoto wangu wa kwanza, iko na diplome ya umeme, binti peke yake mu klase yao. Hapa Likasi yote sijaona mwingine. Tangu kazi isimame kule kiwandani, anaokota vyuma vyenye bantu walitupa. Kwa moteri yenye ilikuwa inapanguza mvua ku kioo cha kamyo, alitengeneza mashini ya kubembeleza batoto. Iko na mikono miwili, bateri tumboni, na inayumba polepole sawa nyanya mwenye kusinzia.

Mwezi uliopita aliisimamisha mbele ya nyumba. Mabega mapana, kichwa cha bati. Bamama walipita, wakaangalia, hakuna aliyetoa mutoto.

Mado, jirani yangu, akaniambia, "Mama Odette, hii iko sawa askari. Minye nimupe askari mutoto?"

Tulicheka. Lakini ku avenue yetu hakuna mwenye kusahau siku askari waliingia kupora.

Odette hakukasirika. Alikata mabega ya ile mashini, akaongeza viuno kwa godoro kuukuu, minye nikaifunga pagne yangu, kitenge cha kanisa. Mikono ileile. Skurubu zilezile.

Leo bamama watano walipanga mustari.

Sasa niseme ukweli. Mado aliniachia Glody, mutoto wake wa miezi minne, akaenda kutafuta maji. Kwetu mugeni akiingia tunamupakatisha mutoto, ndiyo kumukaribisha. Minye nikamuweka Glody mikononi mwa mashini vilevile, nikaigeuzia mugongo, nikaanza kumueleza mama mumoja habari ya ile diplome.

Skurubu moja ikatoka. Mukono ukaanguka.

Odette alimudaka Glody kabla hajafika chini. Mutoto hakulia hata. Alipiga miayo tu.

Odette akaniuliza polepole, "Mama, kama ingekuwa na yale mabega ya kwanza, ungeigeuzia mugongo?"

Hapana. Ningesimama karibu, macho kwa mutoto.

Ndiyo kitu chenye kinanishangaza mpaka sasa. Nani aliniambia kwamba chuma hiki kinapenda batoto? Godoro? Pagne yenye nilifunga minye mwenyewe?

Mado alirudi na ndoo yake, akauliza kama Glody alisumbua. Nikasema alilala vizuri. Hakuuliza mara ya pili. Alimufunga mugongoni akasema kesho, kiisha misa, atamuleta tena.

Minye pia niko na viuno vipana na pagne. Ndivyo vitu vyenye Mado aliangalia akaniamini?

Odette anakaza skurubu pale mulangoni. Kesho, kabla Mado hajafungua kitambaa cha mugongoni, nitamuambia yote. Kiisha yeye mwenyewe aone kama bado ananipa Glody.