Boulon za Mashua ya Baba Yangu

Kavira, mujukuu wangu,

Tunakusalimia sana toka Butembo. Dada yako amezaa mutoto mwanaume, na mbuzi wetu naye amezaa, donc nyumba iko na makelele.

Uliniuliza kwa telefone, na kasirani kidogo: "Koko, juu ya nini unaniulizaka mara mbili kama niko muzuri?"

Wakati nilikuwa musichana, baba yangu alikuwa na mashua ya mbao huko Kyavinyonge, kwenye ziwa. Ule ubao munene wa chini, wenye kushikilia mashua yote, ulifungwa na boulon za chuma, ile misumari minene ya kukaza. Siku moja aliivuta mashua kwenye muchanga, akagonga kila boulon na nyundo. Vichwa vyote vilikuwa vinangaa.

"Iko muzuri. Tuende."

Mama alikatala kupanda. "Toa hata moja, nione."

Baba alinungunika, lakini akaitoa. Kichwa kilikuwa kizima. Katikati, pale ilijificha ndani ya mbao, kutu ilikuwa imeikula mupaka ikabaki nyembamba kama sindano ya kushonea mifuko.

Baba alikaa chini. Mama akamuletea chai. Kisha wakaanza kuzitoa zote, bote wawili, na wakaweka mupya.

Kavira, unanijibuka mbio mbio: "Ça va, niko muzuri, Koko!" Na sauti yako inangaa.

Hapana kasirika. Nikiuliza mara ya kwanza, ni salamu. Ya pili ndiyo nakuuliza.

Koko wako