Suruali Tatu Chini ya Gauni

Shoga, uko? Nimetoka kwa fundi cherehani na dada yangu na wifi yake, dada wa mumewe, sasa hivi, bado siamini.

Unamjua dada anavyokula. Sahani mbili, anaongeza, na bado ni mifupa mitupu. Wifi yake anaonja tu, lakini kila mara magauni yanambana. Leo wifi akalalamika mbele ya kioo cha fundi, "Jamani, mimi hata maji yananinenepesha." Dada akakikodolea macho kile kiuno.

Zamu yake ikafika. Fundi akamzungushia futi, akasita, akauliza polepole, "Dada, nakupima wewe au suruali?"

Suruali. Tatu. Kazivaa chini ya gauni, shoga.

Wifi akacheka mpaka akakaa chini. Dada akaangua kilio. "Nakuonea wivu. Nakula nashiba, halafu mama yako anawaambia watu nina ugonjwa."

Kicheko kikakatika. Wifi akamfuta machozi. "Mama niachie mimi," akasema, kisha akamsaidia kuzivua zile suruali.

Sasa tuko nyumbani. Nimemwambia dada kwamba wifi yake ana roho nzuri. Kanijibu huku anajipakulia, "Roho nzuri anayo, na kiuno kile pia anacho."